Jumba la London linalopandisha thamani ya udongo wa kuazima

WAHENGA walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri makalio. Lakini katika jiji la London, kando ya Mto Thames, lipo jumba la sanaa ambalo kwa zaidi ya miaka 50 limekuwa likivaa nguo za kuazima tu, na watu bado wanalipa kiingilio kwenda kuzitazama.

Jumba hilo linaitwa Hayward Gallery. Tofauti na makumbusho yaliyozoeleka, halina kitu chake kilichowekwa humo siku zote. Kila kinachoonekana ndani kina mwenyewe kwingine, kitakaa miezi miwili au mitatu, kisha kitafungashwa na kurudishwa kilikotoka. Hakuna bei iliyobandikwa, na mgeni anayetaka kununua ataambiwa hapa si dukani. Hata hivyo, kitu kilichopita katika milango ya jumba hilo mara nyingi hutoka na jina ambalo hakikuingia nalo, na katika biashara ya sanaa jina ndilo linalozaa bei.

Kwa mkulima anayehangaika na bei ya mbolea, au mchuuzi wa gulioni, habari za jumba la sanaa Ulaya zinaweza kuonekana kuwa ni za watu wasio na kazi. Zingekuwa hivyo kama si jambo moja: kuanzia Oktoba 26, 2022 hadi Januari 8, 2023 kilichojaza vyumba vyote vya jumba hilo kilikuwa udongo wa mfinyanzi.

Maonyesho hayo yalipewa jina la Strange Clay, na yaliwakutanisha wasanii 23 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Mmoja alitandaza sakafuni ngisi mkubwa kuliko mtu, wa udongo mtupu. Mwingine alijenga nyumba nzima iliyovamiwa na wadudu na panya, wote wa udongo uliochomwa, kiasi kwamba mwenye ghala la mahindi angeingia humo na kuanza kutafuta sumu.

Watatu kati ya hao 23 walizaliwa Afrika Mashariki. Lubna Chowdhary, anayejulikana kwa vigae vyake vya rangi, alizaliwa Tanzania. Leilah Babirye, Mganda anayeishi Marekani, hufinyanga vichwa na sura za watu kisha akaviunganisha na vyuma chakavu, minyororo na mipira ya baiskeli. Wa tatu, na mkubwa wao kwa umri na kwa jina, ni Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950.

Hapa inafaa kuwakumbuka kwanza Wakisi wa kando ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Wanawake wa huko wanafinyanga vyungu vyembamba vyenye nakshi, wanavichoma, wanavisafirisha kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo karibu na Matema, na kutoka hapo wachuuzi wanavisambaza mikoani. Mfinyanzi huuza kwa bei anayopangiwa na mchuuzi. Mchuuzi naye huhesabu vitakavyovunjika njiani kabla hajahesabu faida. Chungu kikifika mjini, hakuna anayejua kimefinyangwa na nani.

Odundo naye hafinyangi kwa mashine. Hatumii hata gurudumu la mfinyanzi. Huanza na donge la udongo, akalitoboa na kulivuta juu kwa mkono, kisha akaongeza kamba za udongo juu yake, zungusha kwa zungusha, huku akikwangua kwa kipande cha kibuyu. Kikikauka kiasi hukipaka uji wa udongo laini na kukisugua kwa jiwe hadi king'ae. Hapaki rangi ya kioo. Kikichomwa mara ya kwanza hutoka na wekundu wa machungwa; kikichomwa tena katika moto ulionyimwa hewa hugeuka cheusi. Mama yeyote wa Kyela, au wa vijiji vya wafinyanzi kule Kenya, angezitambua hatua hizo nyingi bila mkalimani.

Sehemu ya ufundi huo hakuupata Ulaya. Alikwenda Uingereza mwaka 1971, akasoma sanaa, lakini katikati ya miaka ya 1970 alisafiri hadi Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi alikofanya kazi mwanamke bingwa wa vyungu, Ladi Kwali, na akajifunza kwake ufinyanzi wa mkono. Baadaye akarudi nyumbani Kenya kuwatazama wafinyanzi wa vijijini. Kisha ikafuata miaka mingi ya kutengeneza vyombo vichache kwa mwaka.

Leo chombo chake kimoja kinaweza kuuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni laki moja za Uingereza. Hakitiwi maji wala mchuzi.

Tofauti ya bei kati ya chungu hicho na kile cha Lyulilo haiwezi kuelezwa kwa udongo peke yake, wala kwa moto. Ufundi wa Odundo ni wa hali ya juu, hilo halina ubishi, lakini ufundi wa hali ya juu upo hata pale ambapo chungu kinauzwa kwa bei ya kilo chache za mchele. Kilichoongezeka ni kumbukumbu: kila chombo kinajulikana kilitengenezwa na nani, mwaka gani, kimepita mikononi mwa nani na kimeonyeshwa wapi. Majumba kama Hayward ni sehemu ya kiwanda kinachozalisha kumbukumbu hiyo.

Kiwanda chenyewe kwa nje hakivutii. Lilipofunguliwa Julai 1968, kwa maonyesho ya mchoraji Mfaransa Henri Matisse, jumba hilo la zege tupu lisilopakwa rangi liliwachukiza wakazi wengi wa London. Lilipewa jina la Sir Isaac Hayward, aliyekuwa kiongozi wa halmashauri ya jiji hilo. Juu ya paa liliwekewa piramidi ndogo 66 za vioo ili mwanga wa jua uingie vyumbani. Wazo lilikuwa zuri, lakini vioo havikufanya kazi ilivyotarajiwa, na kwa miaka mingi vyumba vya juu vililazimika kutumia taa. Mwenye kuezeka nyumba kwa mbwembwe huku maji yakipenya anaijua hadithi hiyo. Ilibidi jumba lifungwe kuanzia mwaka 2015 hadi Januari 2018 ili paa lijengwe upya.

Je, nyumba isiyouza kitu inakula nini?

Hayward ni sehemu ya kituo kikubwa cha utamaduni cha umma kiitwacho Southbank Centre. Kituo hicho hupata ruzuku ya serikali kupitia baraza la sanaa, lakini ruzuku peke yake haitoshi, na mwaka 2022 ilitangazwa kwamba ingepunguzwa. Sehemu nyingine inatokana na viingilio, kadi za uanachama, wafadhili, duka la vitabu na zawadi, na kodi za migahawa iliyopanga katika eneo lake. Kiingilio cha maonyesho makubwa hapo ni zaidi ya pauni 10 kwa mtu mzima, jambo ambalo Waingereza wenyewe hulilalamikia, kwa sababu makumbusho mengi ya taifa huingiwa bure.

Mapato ya viingilio yana misimu, sawa na mazao. Onyesho moja likifungwa, vyumba hukaa gizani kwa wiki kadhaa huku vitu vikitolewa na vingine kuingizwa. Baada ya maonyesho ya udongo kufungwa Januari 8, 2023, onyesho lililofuata lilifunguliwa Februari 22. Wiki zaidi ya sita bila tiketi hata moja mlangoni, na mishahara inaendelea.

Msimu ukiharibika, hasara huwa kubwa. Mwanzoni mwa Machi 2020 jumba lilifungua maonyesho yaliyohusu miti, yenye kazi za wasanii kutoka nchi mbalimbali. Wiki mbili hazikupita, ugonjwa wa korona ukafunga kila mlango nchini Uingereza. Kazi zilizoazimwa zilibaki ndani, taa zimezimwa, hadi jumba lilipofunguliwa tena Agosti mwaka huo. Kabla ya hapo, mwezi Julai, uongozi wa kituo ulikuwa umetangaza kuwa hadi nafasi 400 za kazi zilikuwa hatarini.

Njia moja ya kupunguza gharama ni ile ambayo wakulima wa nyanya na vitunguu wanaifahamu vizuri: kukodi Fuso moja kwa pamoja. Maonyesho makubwa ya sanaa za Afrika yaitwayo Africa Remix, yaliyofika Hayward mwaka 2005, hayakuwa ya Hayward peke yake. Yalianzia Düsseldorf nchini Ujerumani mwaka 2004, yakaenda London, Paris, Tokyo na Stockholm, na kumalizikia Johannesburg mwaka 2007. Kukusanya kazi za wasanii zaidi ya 70 kutoka bara zima, kuzifungasha, kuzikatia bima na kuchapa kitabu chake kungemlemea mmoja. Gharama zikigawanywa kwa majumba kadhaa, kila mmoja anamudu fungu lake.

Lakini siri kubwa ya nyumba hii ni namna inavyotunza cha watu. Atakayeelewa sehemu hii ataelewa ni kwa nini mtu mwenye chungu cha mamia ya milioni za shilingi anakubali kukitoa nje ya nyumba yake.

Kwanza ni karatasi. Kabla kitu hakijasogezwa hata hatua moja, pande mbili huwekeana mkataba wa kuazimana. Mkataba hueleza kitu ni kipi, kina thamani gani, kitachukuliwa tarehe ipi na kurudishwa tarehe ipi, nani analipa usafiri, nani anaruhusiwa kukipiga picha, na nini kitafanyika kikipata ufa. Kwa desturi ya biashara hii, anayeazima ndiye anayelipa usafiri na kubeba hatari. Ulinzi wa bima huanza msumarini hadi msumarini, yaani tangu kitu kinaposhushwa ukutani kwa mwenyewe hadi kitakaporudishwa palepale.

Pili ni bima yenyewe. Kama kila jumba la umma lingelazimika kukata bima ya kampuni kwa vitu vya mamilioni ya pauni, maonyesho mengi yasingefanyika. Uingereza ilitatua tatizo hilo kwa sheria ya mwaka 1980: serikali yenyewe inajifunga kumlipa mwenye mali endapo kitu kitapotea au kuharibika kikiwa kimeazimwa na jumba la umma. Jumba halitoi malipo ya bima ya kila onyesho, bali linatakiwa kuthibitisha kuwa milango, walinzi, kengele za moto na hali ya hewa ndani viko sawa. Wanaofuatilia suala la bima ya mazao kwa wakulima wadogo wataona kuwa serikali inapokubali kubeba hatari, biashara nzima hubadilika.

Tatu ni ukaguzi. Kitu kinapofika, hakifunguliwi papo hapo. Sanduku huachwa kwa saa 24 au zaidi ili lizoee joto la ndani. Kisha mtaalamu hulifungua na kuandika hali ya kitu: mkwaruzo uko hapa, ufa wa zamani una urefu huu, na picha zinapigwa. Siku ya kuondoka ukaguzi hurudiwa kwa karatasi zilezile. Ndiyo kusema, hakuna nafasi ya mtu kudai kwamba "kilikuja hivi hivi", maneno ambayo yamevunja urafiki mwingi kwenye stendi za mabasi ya mikoani.

Hewa nayo hupimwa. Majumba mengi makubwa hukubaliana kuweka unyevu kati ya asilimia 40 na 60, na joto kati ya nyuzi 16 na 25. Udongo uliochomwa ni mstahimilivu, lakini mbao si hivyo. Kinyago cha mpingo kilichochongwa kwenye hewa nzito ya pwani kinaweza kupasuka kikiingizwa ghafla katika chumba cha Ulaya kilichokaushwa na mitambo ya joto. Na kama kina wadudu wanaotoboa mbao, hakitaingia kabisa mpaka kiwekwe kwenye barafu kali, nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku tatu hivi, au katika mfuko usio na hewa ya oksijeni hadi wafe.

Sanduku la kusafirishia lina masharti yake pia, na haya hayabagui sanaa na parachichi. Kanuni ya kimataifa ya afya ya mimea inataka mbao za masanduku na za chaga za kupangia mizigo zipashwe joto hadi nyuzi 56 katika kiini chake kwa dakika 30 mfululizo, au zitibiwe kwa njia nyingine inayokubalika, kisha zigongwe muhuri wenye alama ya suke la ngano. Bila muhuri huo mzigo unaweza kuzuiwa bandarini, hata kama ndani mna chombo cha pauni laki moja. Atakayeona ni usumbufu amkumbuke dumuzi, mdudu wa Amerika ya Kati aliyebainika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliingia nchini bila kualikwa, na mpaka leo anatoboa mahindi na mbao za ghala lenyewe.

Baada ya gharama zote hizo, linabaki swali ambalo mfinyanzi angeuliza mwanzo kabisa: mwenye mikono analipwa nini?

Jibu halifurahishi sana. Mara nyingi kinachoazimwa si cha msanii tena. Kilishauzwa zamani kwa tajiri au kwa makumbusho, na anayesaini mkataba ni mmiliki. Thamani ikipanda baada ya maonyesho, imepanda kwa mmiliki. Hata pale ambapo kitu ni cha msanii mwenyewe, malipo ya kukionyesha hayakuwa ya uhakika. Mwaka 2014 shirika la wasanii wa Uingereza liitwalo a-n lilianzisha kampeni ya kudai malipo, baada ya uchunguzi wake kuonyesha kuwa asilimia 71 ya wasanii walioonyesha kazi katika majumba yanayopata fedha za umma hawakuwa wamelipwa ada yoyote. Fundi umeme alilipwa, mlinzi alilipwa, aliyeoka keki za mgahawani alilipwa. Aliyetengeneza kilichowaleta watu aliambiwa amepata kujulikana.

Msanii anayeuza kupitia duka la sanaa naye hukatwa. Kamisheni ya nusu kwa nusu ni ya kawaida katika maduka makubwa ya Ulaya. Wachuuzi wa hapa nyumbani wanaolaumiwa kila siku kwa kuwanyonya wazalishaji wanaweza kujifariji kidogo, ingawa duka la London hugharimia chumba, matangazo na mara nyingine kitabu, mambo ambayo mchuuzi wa Lyulilo hayafanyi.

Sheria imejaribu kuziba pengo. Tangu mwaka 2006 Uingereza ina haki inayompa msanii sehemu ya bei kila kazi yake inapouzwa upya mnadani au kwa wakala. Huanzia asilimia 4 kwa sehemu ya kwanza ya bei, na hupungua kadiri bei inavyopanda. Kazi za udongo zimo. Lakini haki hiyo huwahusu raia wa Uingereza na wa nchi nyingine zinazotambuliwa chini ya sheria hiyo, na haidaiwi kwa kitu ambacho hakijulikani kimetengenezwa na nani. Chungu kisicho na jina hakina cha kudai.

Jina nalo huchukua muda. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga. Mwaka 1989 alikuwa mmoja wa wasanii 24 wenye asili ya Afrika, Karibiani na Asia waliokusanywa Hayward katika maonyesho yaliyoitwa The Other Story. Yaliandaliwa na Rasheed Araeen, msanii mzaliwa wa Karachi, ambaye alikuwa amesukuma wazo hilo kwa miaka kadhaa kabla halijakubaliwa. Yalikuwa maonyesho makubwa ya kwanza ya aina yake katika jumba la umma la Uingereza. Baadhi ya wahakiki wa magazeti waliyabeza.

Himid aliendelea kuchora na kufundisha. Tuzo ya Turner, ambayo ni kubwa mno katika sanaa ya Uingereza, aliipata mwaka 2017 akiwa na miaka 63. Alipofikisha miaka 50 hakuweza hata kushindania hadi mwaka huo, maana kanuni ziliwazuia waliofikisha umri huo. Kutoka maonyesho ya 1989 hadi tuzo hiyo ni miaka 28. Mwenye kupanda mitiki angekuwa ameshavuna.

Kwa wafinyanzi na wachongaji wa huku, hatua za mwanzo hazihitaji viza. Alama ya fundi chini ya chungu kabla hakijachomwa haigharimu kitu. Daftari lenye picha, tarehe, vipimo na jina la mnunuzi linagharimu bei ya daftari. Na anayeombwa kuazimisha kazi yake, iwe kwa hoteli ya kitalii, ubalozi au maonyesho ya Sabasaba, ana haki ya kutaka karatasi inayotaja thamani, tarehe ya kurudishwa na nani analipa kikivunjika. Thamani iandikwe ile ya kweli. Anayeandika ndogo kwa aibu ndiyo atakayolipwa siku ya ajali.

Januari 2023, baada ya wageni wa mwisho kutoka, wataalamu wa Hayward walikuwa na kazi ya kuvikagua tena vyombo vya Odundo, vya Babirye, vya Chowdhary na vya wenzao, kimoja kimoja, kabla ya kuvirudisha vilikotoka. Vyumba vilipofunguliwa tena Februari, kwa maonyesho ya Mwingereza Mike Nelson, hakukuwa na chungu hata kimoja. Kulikuwa na kibanda cha mbao kilichofukiwa nusu kwa rundo la mchanga, na mitambo chakavu ambayo msanii huyo alikuwa ameinunua minadani.